Safari ya kundi Namibia, Botswana na Victoria Falls: uliza kwanza utalala wapi

Ndugu mleta mada, umeeleza kwamba umekwisha kuitembelea Serengeti na Ngorongoro, kwamba sasa umeweka akiba kwa ajili ya safari ya kundi inayoanzia Windhoek na kuishia Victoria Falls, na kwamba unazo ratiba mbili mkononi: moja ya bei nafuu inayopita nchi tano, na nyingine ya bei ya juu kidogo inayopita nchi tatu kwa mwendo wa taratibu. Umeuliza uchague ipi, na kama Novemba, mwezi ambao mwajiri wako amekupangia likizo, unafaa. Nimeipita njia hiyo kwa lori la watalii na kampuni mbili tofauti, na ushauri wangu ni kwamba usianze na bei wala idadi ya nchi. Zichukue ratiba zote mbili, uzipitie usiku kwa usiku, na mbele ya kila usiku uandike kama kambi iko ndani ya lango la hifadhi au nje yake. Ratiba yenye usiku mwingi zaidi ndani ya lango ndiyo ya kulipia.

Jangwa la Namib litakuonyesha sababu. Sesriem, mahali pa kuingilia hifadhi ya jangwa hilo, pana lango la nje na lango la ndani. Waliolala nje, hata kama hoteli yao ni ya kifahari, husubiri hadi jua lichomoze ndipo wafunguliwe, na toka hapo wana kilomita 60 hivi za lami kabla ya kufikia maegesho, kisha kilomita nyingine kama tano za mchanga ambazo hazipitiki ila kwa gari linalovuta kwa magurudumu yote manne. Waliolala katika kambi ya ndani huruhusiwa kuondoka saa nzima kabla ya jua kuchomoza. Vilima vile vya mchanga, ambavyo wekundu wake unatokana na kutu ya chuma iliyozifunika chembe za mchanga, huonekana kwa uzuri wake wote pale tu jua linapokuwa chini, upande mmoja ukiwaka na wa pili ukiwa kivulini. Ikifika saa nne asubuhi rangi imekwisha kufifia, na mchanga unaanza kuunguza miguu ya yeyote aliyevua viatu ili kupanda.

Wengi hupanda kile kiitwacho Dune 45 kwa sababu kipo kando ya barabara. Ukiwa na pumzi, jitunze kwa ajili ya Big Daddy, chenye urefu wa mita zipatazo 325, kwa maana chini yake ndipo ilipo Deadvlei, bonde dogo la udongo mweupe lenye migunga iliyokufa yapata miaka 600 au 700 iliyopita, baada ya mchanga kuuzibia mto Tsauchab njia. Migunga hiyo haijaoza hadi leo kwa sababu hewa ni kavu mno. Imesimama tu, myeusi, na vivuli vyake virefu vimelala juu ya udongo mweupe. Ukifika mapema utakaa pale na watu wachache, na kimya chake ni kizito kiasi kwamba utasikia mapigo ya moyo wako mwenyewe. Katika safari yangu iliyolala nje tulifika katikati ya msongamano wa watu. Tuliiona miti ileile, lakini siwezi kusema kwamba tulikuwa tumefika mahali palepale.

Kutoka hapo malori mengi huelekea Swakopmund, mji wa pwani ulioanzishwa na Wajerumani mwaka 1892. Hapo kundi hufua nguo na kuuziwa shughuli za hiari, kama vile pikipiki za mchangani na kuruka kwa miavuli, ambazo zikijumlishwa hula fedha nyingi. Ninakushauri utumie asubuhi moja kuingia jangwani na mwongozaji anayejua viumbe wadogo. Mkondo baridi wa bahari wa Benguela huleta ukungu unaosafiri makumi ya kilomita kuingia bara, na viumbe wengi wa jangwani hutegemea ukungu huo kuliko mvua. Yuko mbawakawa ambaye husimama kichwa chini mgongoni mwa kilima, ukungu ukamgandia mwilini na kutiririka hadi mdomoni mwake. Upo pia mmea uitwao welwitschia, wenye majani mawili tu yanayokua na kuchanika maisha yake yote, na baadhi yake imepita umri wa miaka 1000. Mtu aliyezoea kuhesabu simba na chui hufunzwa na asubuhi hiyo kutazama kwa namna nyingine, na mafunzo hayo yatamsaidia katika sehemu yote ya safari iliyobaki.

Mchana wa siku hiyo nenda makaburini. Pembeni mwa makaburi ya Wajerumani yenye mawe yaliyochongwa, pana eneo pana la vituta vya mchanga visivyo na majina, walikozikwa Waherero na Wanama waliokufa katika kambi za mateso za mji ule wakati wa mauaji ya kimbari ya 1904 hadi 1908. Ujerumani iliyatambua kwa jina hilo mwezi Mei 2021. Sisi tunaotoka katika nchi iliyopigana Vita vya Majimaji kuanzia 1905, dhidi ya dola ileile na katika miaka ileile, tunapaswa kusimama pale kwa muda. Ratiba nilizozipata mimi hazikulitaja eneo hilo hata kwa neno moja, kwa hiyo mwombe mwongozaji mapema. Wetu alikubali mara moja, na nikaona kwamba alifurahi kuombwa.

Damaraland, eneo la miamba kaskazini-magharibi mwa Namibia, nitaipita kwa haraka, ingawa michoro ya Twyfelfontein iliyochongwa kwenye miamba na mababu wa Wasan, na kuingizwa katika Urithi wa Dunia mwaka 2007, inatosha kuwa sababu ya kufika. Angalia tu kama kambi yenu huko ni ya hifadhi ya jamii. Tangu sheria ya mwaka 1996, wanavijiji wa Namibia wamekuwa na haki ya kuunda hifadhi zao na kunufaika na wanyamapori waliomo, mpango unaofanana na Jumuiya za Hifadhi ya Wanyamapori za kwetu, na kulala kwao ni njia ya wazi ya kuifikisha fedha yako kwa watu wanaoishi na tembo mlangoni.

Sasa Etosha, hifadhi kubwa ya wanyama kaskazini mwa Namibia, ambako najua utaanza kulinganisha na Serengeti. Usitegemee makundi ya nyumbu wala magari yanayokimbizana kumfuata duma. Katikati ya hifadhi hiyo kuna uwanda wa chumvi wenye ukubwa wa kilomita za mraba zipatazo 4,800, mweupe na mkavu sehemu kubwa ya mwaka, na wanyama huishi pembezoni mwake wakifuata visima. Kuacha barabara ni marufuku. Kwa hiyo mwongozaji mzuri wa Etosha hazunguki sana; huegesha lori kando ya kisima, huzima injini, na kuwaomba abiria wawe na subira. Wanyama watakuja kwa zamu: swala aina ya springbok, punda milia, choroa wa kusini ambaye ni ndugu wa choroa wetu wa Mkomazi ila ni mkubwa zaidi, na kisha tembo ambao kuwasili kwao huwafanya wengine wote kujitenga. Katika saa mbili za kukaa mahali pamoja nilijifunza mengi kuhusu nani humwogopa nani kuliko nilivyojifunza kwa kuzunguka kutwa nzima.

Na hapa lile swali la lango linarudi kwa uzito. Kambi ya Okaukuejo iko ndani ya hifadhi, na kando yake pana kisima kinachomulikwa kwa taa usiku kucha, kikiwa kimetenganishwa na mabenchi ya wageni kwa ukuta mfupi wa mawe na uzio. Faru weusi, ambao kwetu mtu aweza kumaliza safari nzima asiwaone ila kwa darubini akiwa kreta ya Ngorongoro, hufika pale baada ya giza kuingia. Niliwaona wakija mmoja mmoja, wakikoroma na kutishana, na jike mmoja alikuja na ndama wake akisubiri kandokando hadi madume yamalize. Twiga mmoja alichukua muda mrefu sana kuamua kuinama anywe, kwa sababu alikuwa amesikia kitu gizani ambacho sisi hatukukisikia. Nilikaa na blanketi hadi karibu na alfajiri, na sioni thamani ya kwenda kulala kwenye hema siku kama hiyo. Waliolala nje ya lango la Anderson, kilomita kumi na kitu kutoka hapo, walitakiwa kuwa wametoka jua linapozama. Kampuni yangu ya kwanza ilitulaza nje, na katika kijitabu chao waliandika tu kwamba tutalala «eneo la Etosha». Maneno ya aina hiyo yakikutana nawe kwenye ratiba, dai jina la kambi.

Ukivuka kuingia Botswana utaombwa kukanyaga dawa kwa viatu na kusalimisha nyama mbichi, kwa sababu ya ugonjwa wa miguu na midomo wa ng'ombe. Mpishi wa lori anapaswa kulijua hilo na kununua nyama upande wa pili. Pasipoti yangu ya Tanzania haikudaiwa viza Namibia, Botswana wala Zimbabwe, lakini thibitisha kwa balozi kabla ya kukata tiketi, na ubebe kadi ya chanjo ya homa ya manjano.

Delta ya Okavango hupata maji yake kutoka nyanda za juu za Angola, na maji hayo husafiri polepole kiasi kwamba hujaa Botswana katikati ya kiangazi, Julai na Agosti, wakati nchi yote inayoizunguka imekauka. Mto Okavango haufiki baharini, unaishia mchangani. UNESCO iliiingiza delta hiyo katika Urithi wa Dunia mwaka 2014. Hapa hakuna lango la kuhofia, ila kuna tofauti kubwa kati ya ratiba inayokupeleka kwa mtumbwi asubuhi na kukurudisha mji wa Maun jioni, na ile inayokulaza kisiwani. Chagua ya pili. Mwendeshaji husimama nyuma ya mtumbwi na kuusukuma kwa upondo katikati ya mafunjo na mayungiyungi, na mitumbwi mingi siku hizi ni ya plastiki ngumu ili miti mikubwa isikatwe. Kisiwani hakuna uzio. Mtatembea kwa miguu alfajiri mkiwa mstari mmoja nyuma ya mtu aliyekulia hapo, atakayewafundisha kusoma nyayo na upepo, na usiku mtawasikia viboko wakila majani karibu na mahema. Mtii kwa kila neno, hasa akikuambia usitoke hemani.

Kasane, kwenye mto Chobe, chukua boti ya alasiri hata kama ni ya kulipia zaidi. Tembo huogelea kwenda kisiwa cha Sedudu, ambacho Mahakama ya Kimataifa ya Haki iliamua mwaka 1999 kuwa ni mali ya Botswana, na ukiwa majini unawaona kwa kimo chao, bila vumbi na bila kelele za injini za magari. Botswana ina tembo wapatao 130,000, na huko utaamini hesabu hiyo.

Kuhusu mwongozaji: uliza kama dereva na mwongozaji ni mtu mmoja. Kwa mwendo wa kilomita 400 au 500 kwa siku kwenye barabara za changarawe, mtu mmoja hawezi kuendesha kwa usalama na bado awe na nguvu za kueleza jioni. Wetu wa safari ya pili walikuwa wawili. Mmoja wao aliposikia natoka Tanzania alinieleza kwamba mjomba wake aliishi Kongwa, miaka ile SWAPO, chama cha ukombozi cha Namibia, kilipokuwa na kambi huko, na toka siku hiyo tulizungumza kila jioni hadi moto unazimika. Uliza pia ni viingilio gani havimo katika bei, na ubebe koti zito, kwa maana usiku wa Julai jangwani hukaribia nyuzi sifuri.

Sasa Novemba. Kama mwajiri wako anaweza kukuruhusu kuhamisha likizo iwe kati ya Julai na mwanzo wa Septemba, mwombe, kwa sababu ndicho kipindi ambacho delta imejaa, visima vya Etosha vimewakusanya wanyama, na maporomoko ya Victoria bado yana maji ya kutosha. Mwezi Novemba joto la Kasane ni kali, maji ya delta yamepungua, na mvua za kwanza zikinyesha Etosha wanyama hutawanyika. Ikishindikana kabisa, usikate tamaa. Chukua ile ratiba ya nchi tatu, omba usiku mmoja wa delta ubadilishwe uwe wa ziada Sesriem, ambako mapambazuko hayaharibiwi na msimu, na utazame ndama wa swala pala wanaozaliwa wakati huo Chobe. Kwenye maporomoko yenyewe, yenye upana wa mita 1,708, kaa upande wa Zimbabwe: upande wa Zambia mwezi huo sehemu kubwa hubaki mwamba mtupu, ilhali mwisho wa magharibi, pale paitwapo Devil's Cataract, maji hayakatiki mwaka mzima.