Mwenzi wa mwanajeshi unayehamia Ujerumani: jina lako liwe kwenye kila karatasi

Dada mmoja aliyeolewa na mwanajeshi wa Marekani ameniandikia. Mumewe amepata uhamisho wa Ujerumani na yeye anauliza abebe vyombo gani. Dada, vyombo tutavifikia. Kwanza ichukue ile amri ya uhamisho uisome mwenyewe, mstari kwa mstari, ulitafute jina lako. Limeandikwa kama lilivyo kwenye pasipoti? Amri inasema familia imeidhinishwa kuambatana naye? Kama haisemi, tiketi ni juu yenu, na huduma nyingi za kambini mtazipata nafasi ikibaki.

Idhini hiyo hutanguliwa na uchunguzi wa afya wa kila mwanafamilia, hata aliye mzima kabisa. Usifiche pumu ya mtoto wala dawa unazokunywa. Wanachotafuta ni kujua kama hospitali ya huko ina mtaalamu wake. Ukificha, mtoto akaugua mkiwa huko, mnaweza kurudishwa katikati ya mwaka wa shule.

Sasa pasipoti, na hapa ndugu zetu wengi hukwama. Raia wa Marekani hupewa pasipoti ya safari ya kiserikali bila kulipia, na hushauriwa kuwa na ya kawaida kwa matembezi. Wewe mwenye grinikadi, yaani kibali cha kuishi Marekani bila kuwa raia, hiyo haikuhusu. Unasafiri kwa pasipoti ya nchi yako. Basi angalia mambo mawili leo hii. Moja, inaisha lini? Pili, ina jina gani? Wengi pasipoti zao zilitolewa kabla ya ndoa na zina jina la baba, ilhali kitambulisho cha jeshi kina jina la mume. Chagua jina moja, rekebisha kote, kisha ndipo uulize ubalozi wa Ujerumani kuhusu viza, ukiwa na nakala ya amri na cheti cha ndoa. Ukianza na viza utarudia kila kitu.

Ukishafika, ofisi ya pasipoti ya kambini itakupa uthibitisho kwamba uko chini ya mkataba wa NATO wa mwaka 1951 unaohusu hadhi ya majeshi. Ufuatilie wiki ya kwanza. Bila huo, polisi wa mpakani anakuona kama mgeni wa matembezi aliyepitiliza siku zake 90. Na ujue mipaka yake: hadhi hiyo haikufungulii mlango wa Uingereza. Mwenye pasipoti ya Kenya au Tanzania bado ataomba viza.

Kabla hamjaondoka, mwenzi wako akusainie hati ya uwakili, yaani ya kukuruhusu utende kwa niaba yake, kwenye ofisi ya sheria ya jeshi. Ni bure. Hati ya jumla haitoshi, kwani benki na wasafirishaji wa mizigo mara nyingi huikataa. Omba mahususi: moja ya kupokea mizigo, moja ya gari, moja ya kusaini mkataba wa pango. Mwanajeshi anaweza kupelekwa mazoezini wiki ile ile kontena linapofika, nawe ukabaki mlangoni huna mamlaka ya kulipokea.

Nyumba. Ikiwa mtapanga uraiani, nje ya kambi, elewa posho ya nyumba ya jeshi inavyofanya kazi. Hulipwa kwa kodi halisi mliyosaini, hadi kikomo kilichowekwa, pamoja na fungu la umeme na maji. Kwa hiyo kujibana kwenye chumba cha bei rahisi hakuwaachii chenji. Usisaini chochote kabla ofisi ya nyumba ya kambi haijausoma mkataba. Kwa sheria ya Ujerumani mpangaji hutoa notisi ya miezi mitatu, hivyo hakikisha kuna kipengele kinachowaruhusu kutoka mapema uhamisho ukija. Kwenye tangazo, Kaltmiete ni kodi tupu na Warmmiete ni kodi pamoja na gharama za jengo, ambazo kwa kawaida zinajumuisha kupasha joto. Umeme mara nyingi haumo. Dhamana haizidi Kaltmiete ya miezi mitatu. Nyumba nyingi hazina makabati ya nguo wala taa, nyingine hata jiko hamna, waya zinaning'inia tu kwenye dari. Siku ya kukabidhiwa funguo piga picha kila ukuta na kila mita, ya maji, gesi na umeme, namba zisomeke. Jina lako liwemo kwenye mkataba pamoja na la mwenzi wako.

Kisha ukungu wa ukutani, ambao ndio unaokula dhamana za watu. Nyumba za kule zimezibwa barabara zisipoteze joto. Mvuke wa kupika, kuoga na nguo zilizoanikwa ndani unakosa pa kutokea, unakutana na ukuta baridi, unageuka maji, na baada ya wiki chache kona ya chumba imekuwa nyeusi. Funga hita, fungua madirisha wazi kabisa kwa dakika tano hadi kumi, asubuhi na jioni, na tena baada ya kupika. Dirisha lililoinamishwa kidogo kutwa nzima halisaidii: linapoza ukuta bila kuutoa mvuke. Kabati lisigusane na ukuta wa nje, liachie upenyo wa sentimita tano au zaidi.

Haya, vyombo. Marekani umeme ni volti 120 kwa hezi 60 (mizunguko ya mkondo kwa sekunde); Ujerumani ni volti 230 kwa hezi 50. Geuza kila kifaa usome kibandiko chake. Kikiandikwa 100–240V, 50/60Hz, kama chaja za simu na kompyuta nyingi, kinahitaji adapta ya plagi tu. Kikiandikwa 120V peke yake, kinataka transfoma yenye wati zaidi ya zake, walau mara moja na nusu. Blenda ya wati 600 basi inataka transfoma ya 900 au 1000. Vya kutoa joto, yaani pasi, draya ya nywele na birika, viache. Transfoma yake ni nzito, ghali, na inakula umeme hata ikiwa haina kazi. Tena transfoma hubadilisha volti, haibadilishi hezi. Saa ya ukutani inayofuata mkondo wa umeme itachelewa dakika kumi kila saa. Masufuria beba.

Mizigo yenu itakwenda kwa mafungu mawili: ile michache ya mapema itawahi, ya baharini huchukua miezi. Kwenye ya mapema weka matandiko, sufuria mbili, nguo za baridi na vitu vya watoto. Nyaraka zote utembee nazo mkononi, kamwe zisiingie kwenye kontena.

Kazi: kabla hujaendelea na ajira yako ya mtandaoni ukiwa Ujerumani, pata jibu la maandishi kutoka ofisi ya sheria. Ruhusa ya mwajiri peke yake haitoshi, kwa sababu suala la kodi ni la Ujerumani.

Na uraia, usiuache ulale. Sheria ya uhamiaji ya Marekani ina kifungu cha 319(b) kwa mwenzi wa raia wa Marekani aliyepangiwa kazi ya serikali nje ya nchi, mwanajeshi akiwemo. Mwenye grinikadi hahitaji kusubiri ile miaka mitatu ambayo mwenzi wa raia husubiri kwa kawaida, ilimradi uhamisho uwe na walau mwaka mmoja. Unajaza fomu N-400 ya kuomba uraia na kuambatisha DD 1278, cheti cha uhamisho wa nje ya nchi, inayosainiwa upande wa jeshi. Wahi fomu hiyo kabla karani wa kikosi anayelijua faili lenu hajahamishwa naye.