Makaa ya mawe yaliyo ardhini hayawashi taa

Kwa miaka kadhaa kazi yangu ilikuwa kupokea makaa ya mawe kiwandani. Kila asubuhi nilizunguka rundo lililokuwa yadini, nikalikadiria, kisha nikaandika ubaoni namba moja: siku zilizobaki. Asubuhi moja niliandika 3. Mchimbaji binafsi tuliyekuwa na mkataba naye hakuwa ameishiwa. Makaa yake yalikuwa yanapakiwa kwenda nje, maana bei ya huko ilikuwa imepanda, na faini ya kutuvunjia mkataba ilikuwa ndogo kuliko faida aliyokuwa anaipata. Tukazima boila moja. Vibarua wa zamu ya usiku tuliwarudishia getini, na hilo bado linaniuma.

Kwa hiyo serikali inapotangaza kwamba inawafungulia wachimbaji binafsi milango, usishangilie tani zilizo ardhini. Uliza makaa yatauzwa kwa nani, kwa bei gani, na nani atabanwa yasipofika.

Indonesia, inayoongoza duniani kwa kuuza nje makaa ya kuzalishia umeme, iliwataka wachimbaji watenge asilimia 25 ya uzalishaji kwa soko la ndani. Bei kwa vituo vya umeme iliwekewa ukomo wa dola 70 kwa tani. Mwaka 2021 bei ya dunia ilipopaa zaidi ya mara mbili ya hapo, wengi hawakutimiza. Januari 2022 serikali ikasimamisha mauzo ya nje kwa ghafla, kwa kuwa vituo karibu 20 vilikuwa hatarini kuzimika. Kanuni ilikuwapo, ila kuivunja kulilipa. Ukipata nafasi ya kutoa maoni juu ya sera kama hiyo, pigania faini inayopanda pamoja na bei ya soko, na ukomo wa bei unaopitiwa upya mara kwa mara. Mchimbaji naye ana mishahara na mafuta ya mitambo ya kulipia. Ukimbana hadi apate hasara, atafunga.

Pia usitegemee leseni mpya zikuokoe mwaka huu. India ilitaifisha migodi yake ya makaa mwaka 1973, na mwaka 2020 ikaanza kupiga mnada vitalu vya kuchimba makaa ili kampuni binafsi zichimbe na kuuza zitakavyo. Hata hivyo Oktoba 2021 akiba ya makaa kwenye vituo vyake vya umeme ilishuka hadi wastani wa siku kama 4. Kati ya leseni na tani ya kwanza kuna fidia ya ardhi, barabara na reli.

Mkataba ulipie joto ambalo makaa hutoa yakiungua, siyo uzito peke yake. Nimewahi kupokea makaa yaliyolowa yakaziba mdomo wa kulishia boila, tukayagonga kwa nyundo tangu alfajiri mpaka mchana. Maji yale tulikuwa tumeyalipia kwa bei ya makaa.

Na sera ikiagiza akiba ya siku 20 au 30, iseme pia nani atalitunza rundo. Makaa yasiposhindiliwa vizuri hupata moto yenyewe kutoka ndani. Kwetu tulianza kunusa harufu kama ya mafuta ya taa, halafu moshi ukaonekana. Ilibidi buldoza iingie na kutawanya rundo ili lipoe, na jioni ile namba ya ubaoni ikapungua kwa siku mbili.