Meseji ya Malipo Siyo Malipo

Dada mmoja mwenye duka la vitenge Kariakoo ameniandikia wiki hii. Jumamosi jioni, duka limejaa, mteja kachukua doti 40, kasema analipa kwa simu. Meseji ikaingia kwenye simu ya duka: jina la mtumaji ni lile lile la kampuni ya fedha la siku zote, kiasi sawasawa, kumbukumbu namba ipo. Mzigo ukapanda bodaboda. Usiku, kuangalia salio, hakuna kitu. Anauliza mambo mawili: binti wa dukani angeitambuaje ile meseji, na je, amkate mshahara?

La pili nitalijibu mwishoni. La kwanza: asingeitambua, na sisi wa fani ya kulinda malipo tuna sehemu ya lawama. Miaka yote tumewafundisha watu kumjua tapeli kwa sura: angalia makosa ya herufi, angalia kama meseji imetoka kwenye namba ya kawaida, angalia Kiswahili kilichopinda. Enzi za "ile hela tuma kwenye namba hii" ilisaidia. Lakini jina la mtumaji linaweza kughushiwa, na kwa kuwa simu hupanga meseji kwa jina hilo, ya bandia inakaa chini kabisa ya zile halali kama ndugu yao. Herufi nazo siku hizi zinanyooshwa na kompyuta.

Anayelinda malipo kwa kazi hahangaiki kumtambua mwongo. Anauliza swali moja tu: uthibitisho huu umepita njia gani, na je, mlipaji anaweza kuigusa njia hiyo? Meseji anaigusa. Picha ya skrini anaigusa. Simu ya "naongea kutoka huduma kwa wateja" ndiyo kabisa, ni yake. Asichoweza kugusa ni daftari la kampuni ya fedha, na wewe unalifikia kwa menyu ya *150* au kwa programu ya akaunti yako ya biashara. Kwa hiyo kaunta inafanya hivi: unafungua orodha ya miamala wewe mwenyewe, unatafuta kumbukumbu namba, unalinganisha kiasi na saa, ndipo mzigo unatoka. Sekunde 30 hivi. Mtandao ukisumbua, mteja anasubiri, na mteja wa kweli husubiri. Anayesema "bosi, nina haraka, gari limewashwa" ndiye hasa wa kusubirishwa.

Tatizo la Kariakoo ni kwamba mwenye duka yuko Mbezi na simu yake, na muuzaji yuko Mtaa wa Kongo bila njia ya kuona chochote. Muulize mtoa huduma wako namna ya kumpa muuzaji ruhusa ya kuona miamala bila ruhusa ya kutoa fedha. Na ile stika ya Lipa Namba ukutani, ikague kila asubuhi, maana kubandika nyingine juu yake ni kazi ya nukta moja. Kabla mteja hajaweka namba ya siri, mwambie asome kwa sauti jina lililotokea.

Sasa wale wenye maduka ya mtandaoni, msicheke. Kosa lenu ni hilo hilo, limevaa suti tu. Mteja akilipa, kampuni ya malipo hutuma taarifa kwenye seva yako, na tovuti nyingi huiamini kama binti alivyoiamini meseji. Nyingine ni mbaya zaidi: mteja akirudishwa kwenye ukurasa wa "asante kwa malipo yako", oda inahesabika imelipwa. Anwani ya ukurasa huo mtu yeyote anaweza kuiandika mwenyewe.

Mpangilio unaosimama ni huu. Oda inapozaliwa, ipe kumbukumbu yako na uhifadhi kiasi na sarafu unavyovitarajia. Taarifa ikifika, kokotoa sahihi yake ya kidijitali, yaani alama inayotengenezwa kwa ufunguo wa siri mlio nao wewe na kampuni ya malipo tu (mara nyingi kwa njia iitwayo HMAC-SHA256), juu ya maandishi yalivyofika kabla programu yako haijayapanga upya, kisha uilinganishe na iliyokuja nayo. Ukiyapanga kwanza sahihi halali zitakataliwa, na fundi aliyechoka ataamua kuzima ukaguzi wote. Taarifa iliyotiwa sahihi zaidi ya dakika 5 zilizopita ikatae. Kisha seva yako yenyewe iiulize kampuni ya malipo: muamala huu upo? Umekamilika? Kiasi gani, sarafu gani, kwa oda ipi? Linganisha vyote. Kuna watu hulipa 1,000 halali kabisa kwa oda ya 100,000, na tovuti inayokagua neno "umefanikiwa" peke yake huachia mzigo. Mwisho, kumbukumbu ya muamala iwekewe kizuizi cha upekee ndani ya hifadhidata, yaani hifadhidata yenyewe ikatae kumbukumbu ile ile mara ya pili. Kukagua kwa msimbo kwamba haijatumika hakutoshi: taarifa mbili zikifika kwa wakati mmoja, zote zitajibiwa "haijatumika", na malipo moja yatatoa mizigo miwili.

Kadi zina ujanja wao. Kwenye kadi ya tarakimu 16, tarakimu 6 au 8 za mwanzo huitambulisha benki, na tarakimu ya mwisho ni ya kukagua hesabu, kwa hiyo kompyuta hubuni namba zinazokubalika bila jasho. Tarehe ya mwisho wa kadi kwa miaka mitano ni michaguo 60, tarakimu tatu za nyuma ni 1,000. Jumla 60,000 kwa kila kadi, na zikigawanywa kwenye mamia ya tovuti, hakuna duka moja linaloona kelele. Duka lako linageuka uwanja wa majaribio: malipo madogo madogo, kadi nyingi, kukataliwa kwingi. Dalili ya kufuatilia ni kiwango cha kukataliwa kwa saa. Anza na majaribio 3 kwa kadi na 5 kwa kifaa ndani ya saa moja, kisha rekebisha kwa kutazama wateja wako halisi.

Kufunga anwani ya IP, yaani namba ambayo mteja huonekana nayo mtandaoni, ni dawa ambayo vitabu vya ughaibuni huipenda. Huku kwetu inaua mgonjwa. Wateja wengi hutumia data za simu, na kampuni za simu huwaweka maelfu nyuma ya anwani moja. Ukiifunga, umefunga nusu ya Tandika, wakati tapeli ameshahamia anwani nyingine.

Kadi kukubaliwa si ushahidi kwamba mwenye kadi ndiye aliyelipa. Ushahidi huo huja kwa 3-D Secure, benki iliyotoa kadi inapomuuliza mteja wake moja kwa moja. Ikipita, hasara ya "si mimi niliyelipa" kwa kawaida huhamia kwa benki hiyo. Lakini haikulindi na "mzigo sikuupata", na malalamiko hayo huweza kuja hadi siku 120 baadaye, kwa hiyo tunza saini ya mpokeaji.

Kuhusu mashine zinazojifunza kunusa utapeli, wauzaji wake wana maneno matamu. Chukua mfano wa miamala 100,000, yenye wizi 100. Mfumo unaokamata asilimia 99 na kukosea asilimia 1 tu utakamata wezi 99, na wateja wema 999. Katika kila 11 waliosimamishwa, 10 hawana hatia. Itumie kuchagua nani aulizwe zaidi, usiiachie kufukuza watu.

Waagizaji wa makontena, hii ni yenu. Barua pepe ya muuzaji wa Guangzhou inasema akaunti ya benki imebadilika. Huenda sanduku lake la barua pepe limeingiliwa kweli, na mwizi ameweka kanuni ya kupeleka pembeni kila barua yenye neno "ankara". Au anwani ina r na n zilizokaa kama m. Usijibu barua hiyo, piga namba iliyo kwenye mkataba wa zamani. Kutuma dola 10 za majaribio hakusaidii kama anayejibu "nimepokea" ni mwizi yule yule. Simu ya video nayo haitoshi tena: mwaka 2024 ilijulikana kwamba mfanyakazi wa kampuni ya uhandisi ya Arup kule Hong Kong alituma takriban dola milioni 25 za Marekani, kwa mihamisho 15, baada ya kikao cha video ambamo "mabosi" walikuwa wa kutengenezwa na kompyuta.

Ukishalizwa, mbio ni za dakika, kwa sababu fedha hurudi kirahisi pale tu ambapo bado haijatolewa kwa wakala. Kama kweli umetuma, piga 100, huduma kwa wateja ya mtandao wako, mara moja, taja kumbukumbu namba, omba izuiwe. Kama ni benki, ipigie benki. Namba ya tapeli itume 15040, namba ya kuripoti utapeli. Piga *106# uone kama kuna laini usiyoijua iliyosajiliwa kwa kitambulisho chako. Chukua RB (namba ya taarifa uliyoiripoti) polisi na usifute meseji yoyote, hata ya matusi.

Dada yangu, kwako hakuna kilichoingia, kwa hiyo 100 hawana cha kuzuia. Ulichobaki nacho ni RB, ile meseji, na bodaboda aliyebeba mzigo, ambaye huenda anakumbuka aliushusha wapi. Na binti usimkate. Alikagua kila ulichomfundisha kukagua, kwenye simu pekee uliyomwachia. Kabla ya Jumamosi ijayo mpe ruhusa ya kuona miamala, na umwambie mbele ya wateja kwamba akiwasubirisha, ni amri yako.