Mfuko wangu wa taka ulivyorudishwa mlangoni, Yanaka

Juzi dada mmoja kaniandikia: anaenda Tokyo, kapanga chumba Yanaka, anataka nimtajie sehemu zenye picha kali. Nitakutajia, dada yangu. Kwanza sikiliza aibu yangu.

Safari yangu ya kwanza nilifikia mtaa huohuo, kijumba cha kupanga kilichobanwa na nyumba za wazee. Nilijiona msafiri mstaarabu kweli: chupa yangu ya maji, mfuko wa kitambaa, natembea kwa miguu. Usiku nikakusanya mabaki ya chakula, makopo na chupa za plastiki, nikafunga mfuko mmoja, nikautua nje kama nilivyozoea. Asubuhi nafungua mlango, mfuko uko miguuni pangu, umebandikwa karatasi ya michoro: chupa huku, makopo kule. Kunguru wa Tokyo na wa Dar ni ndugu. Walikuwa wametawanya maganda hadi kizingitini kwa bibi wa jirani, naye ameshayazoa, ameshafagia. Aliponiona akainama, akaniomba samahani. Yeye, mimi! Angenitukana ningepona mapema.

Kumbe kila aina ya taka ina siku yake, unaitoa asubuhi ileile kabla ya saa mbili, unaifunika kwa wavu. Mwenye chumba hakuniachia hata mstari mmoja, na hilo bado linaniuma, kwa sababu sheria ya Japani ya nyumba za kupangisha wageni, iliyoanza kutumika 2018, inamtaka aeleze mambo ya taka na kelele. Basi uliza namba ya usajili kabla ya kulipa. Sheria hiyohiyo inaruhusu kupangisha wageni siku 180 tu kwa mwaka, ili mitaa isigeuke hoteli tupu.

Yanaka ilinusurika tetemeko la 1923, na mabomu ya 1945 hayakuimaliza. Sasa tunakuja sisi, tunaburuta mabegi ya magurudumu saa sita usiku kwenye vichochoro ambavyo ukuta wake ndio chumba cha kulala cha mtu! Begi libebe, dada. Makaburini, alikozikwa Tokugawa Yoshinobu, shogun (mtawala wa kijeshi) wa mwisho wa Japani, watu wanaegemea mawe wapigwe picha na maua ya sakura. Ungekubali kwenye kaburi la babu yako? Na Yanaka Ginza, mtaa wa maduka wa mita kama 170 tu, ukinunua menchi katsu ya moto, yaani nyama ya kusaga iliyokaangwa, simama hapohapo dukani ule, umrudishie muuzaji karatasi yake. Mapipa ya taka barabarani hutayaona.

Haya, picha: ngazi za Yuyake Dandan, jua likizama. Piga, kisha sogea, watu wanapita na vikapu vyao.

Mwaka huu nilirudi, chumba kingine, kichochoro kilekile. Bibi aliusimamia mfuko wangu chini ya wavu, akaukagua. Jioni akaniletea machungwa mawili. Nikayala, na maganda nikayatunza jikoni mpaka siku yake.