Fundi Sauti Anajibu: Efekti Ipi Itangulie, Ipi Ifuate?

Barua za mwezi huu karibu zote zinahusu Audacity, na sishangai. Ni programu ya bure ya kurekodi na kuhariri sauti, ipo tangu mwaka 2000, haidai kompyuta kubwa, na ndiyo ninayoikuta kwenye redio za jamii, kwenye kwaya na kwa vijana wanaoanza podikasti. Nimejibu nikichukulia kwamba unatumia toleo la 3.6 au jipya zaidi. Kama lako ni la zamani, pakua jipya kwanza.

Shikamoo fundi. Nimepakua plagini ya mwangwi lakini Audacity haiioni kabisa. Natumia Windows. (Msomaji, Morogoro)

Marahaba, mwanangu. Faili lako bila shaka bado limelala pale ulipolipakulia, na Audacity haitafuti huko. Plagini, yaani programu ndogo za kuongezea ndani ya programu kubwa, zikiwa za aina ya VST3 zinakaa kwenye C:\Program Files\Common Files\VST3. Ihamishie hapo, funga programu, ifungue tena, kisha ingia kwenye meneja wa plagini uiambie itafute upya. Ikionekana humo lakini imezimwa, iwashe.

Ikiwa bado haionekani, angalia mambo mawili. La kwanza, je, plagini ni ya biti 32? Audacity ya biti 64 haiwezi kuipokea, hata uihamishe mara kumi. La pili, je, ni efekti kweli, yaani ya kubadili sauti iliyokwisha kurekodiwa, au ni ala, yaani kinanda au ngoma za kompyuta? Audacity inapokea efekti tu. Na ukiona plagini imeandikwa AU, hiyo ni ya Mac.

Naomba unieleze mpangilio sahihi wa efekti kwa sauti ya mazungumzo. Kila video ninayotazama inasema lake. (Mtangazaji wa redio ya jamii, Kigoma)

Swali hili ndilo nililotamani kuulizwa, ndugu yangu. Ukielewa kila efekti inafanya nini, mpangilio utaujua mwenyewe.

Tuanze na kompresa. Inashusha pale mtu alipopaza sauti, halafu wewe unainua sauti yote ili ijae. Unapoinua, kila kilichokuwa chini kinapanda nacho: feni, jogoo wa jirani, mvumo wa umeme. Ndiyo maana usafi unatangulia. Ukisafisha baada ya kompresa, utakuwa unapambana na makelele uliyoyanenepesha kwa mkono wako.

Kwa hiyo anza na kupunguza makelele. Chagua sekunde moja au mbili ambazo hakuna anayeongea, mpe Audacity aijifunze hali ya chumba, kisha chagua rekodi yote uitumie efekti. Mimi huanza na desibeli 6, nasikiliza, ndipo niamue kama niongeze. Ukizidisha, sauti inakuwa kama ya mtu anayeongea akiwa ndani ya pipa la maji, na herufi za s na f zinapotea.

Baada ya hapo weka kichujio kinachokata besi ya chini kabisa, karibu Hz 80, yaani mitetemo 80 kwa sekunde. Hapo chini hakuna maneno. Kuna upepo, mtetemo wa meza na mkono uliogonga maikrofoni. Kama bado unasikia mvumo usiokoma, kumbuka umeme wetu ni wa Hz 50, hivyo mvumo huo hukaa kwenye 50, 100 na 150. Kuna kichujio chembamba cha kukata namba moja tu. Kitumie hapo badala ya kuzidisha dawa ya makelele.

Sasa ikwalaiza, ile ya kupandisha au kushusha besi na sauti nyembamba, kidogo tu. Halafu kompresa. Mwisho kabisa limita, ili kilele kisivuke desibeli hasi 1. Kwa podikasti lenga LUFS hasi 16, hicho ni kipimo cha ukubwa wa sauti kama sikio linavyousikia. Redio ina mitambo yake ya kusawazisha, kwa hiyo usiikandamize sauti kupita kiasi kabla ya kuipeleka hewani.

Nina plagini zaidi ya sitini. Menyu imekuwa ndefu mpaka nachanganyikiwa. (Prodyuza, Mombasa)

Zima hamsini. Nasema hivi kwa upendo. Meneja wa plagini inakuruhusu kuzima bila kufuta, na siku ukihitaji moja utaiwasha. Kisha nenda kwenye mapendeleo, sehemu ya efekti, uchague menyu ipangwe kwa aina ya kazi badala ya alfabeti: za kusafisha pamoja, za mwangwi pamoja.

Jambo lenye faida zaidi ni kuhifadhi vipimo vyako kwa majina yanayoeleweka. "Mgeni wa simu", "Sauti ya kike studio", "Uwanjani upepo". Jina kama "jaribio 3" halitakusaidia mwezi ujao.

Na wale mnaoniuliza kuhusu plagini zilizovunjwa kufuli: sishauri. Mara nyingi zinakuja na virusi, na ni wizi wa kazi ya mtu kama wewe. TDR Nova ni ikwalaiza ya bure, Valhalla Supermassive ni ya mwangwi na ya bure pia. Zote mbili nimefanyia kazi ya kulipwa.

Kuna tofauti gani kati ya efekti za kwenye menyu na zile za kitufe cha pembeni ya traki? (Mwanafunzi wa uandishi wa habari, Dodoma)

Za menyu zinabadilisha sauti yenyewe. Za kitufe, zilizoingia na toleo la 3.2 mwaka 2022, zinapita juu ya sauti wakati inacheza: unaweza kuizima moja, kuisogeza juu au chini, kubadili kipimo huku ukisikiliza. Sauti ya asili haiguswi, na efekti zinaingia ndani wakati wa kutoa faili la mwisho.

Si zote zinaweza kukaa huko. Kupunguza makelele haiwezi, wala plagini zilizoandikwa kwa Nyquist, lugha ya kuandikia programu iliyo ndani ya Audacity, kikiwemo kile kichujio cha besi. Hizo fanya kwanza kupitia menyu, kisha panga ikwalaiza ya plagini kama TDR Nova, kompresa na limita kwenye kitufe. Hata ukikumbuka makelele ukiwa umechelewa, Audacity itasafisha sauti iliyo chini, nazo zile za juu zitaendelea kuipokea ikiwa safi.

Nakusihi usizoee menyu peke yake. Miaka ya nyuma nilimrekodi mzee mmoja akisimulia ujenzi wa majahazi. Nikapunguza makelele kwa desibeli 24, nikahifadhi juu ya faili la asili, nikafunga. Ukifunga mradi, historia ya kurudi nyuma inafutika. Mzee ameshafariki, na watoto wake wana rekodi ambayo majina ya mbao hayasikiki vizuri. Tangu hapo kila rekodi naitolea nakala kabla sijafungua menyu yoyote.

Nina darsa arobaini za kusafisha. Lazima nifanye moja moja? (Msomaji, Tanga)

Hapana. Kwenye menyu ya zana kuna makro: unaandika orodha ya efekti mara moja, unachagua mafaili, inayafanya yote na kuyaweka kwenye folda mpya. Weka humo kichujio, kompresa na kusawazisha ukubwa wa sauti. Kupunguza makelele usiiweke, maana kila siku msikiti ulikuwa na feni na watu wake.

Nikitia mwangwi kwenye kaswida, maneno yanapotea. (Msomaji, Unguja)

Usiutie kwenye traki ya sauti yenyewe, dada. Nakili traki, kwenye ile nakala tumia mwangwi ukiwa umechagua mwangwi mtupu, kisha ikate besi ili dufu zisivume. Shusha nakala hiyo mpaka chini kabisa. Ipandishe taratibu huku ukisikiliza, na pale utakapoanza kuusikia mwangwi, irudishe kidogo.