Kazi ya KRA (Mamlaka ya Mapato Kenya): Maswali Yenu Wiki Hii

Nimeambiwa nitume 50,000 niletewe barua ya kazi ya KRA. Nitume? (Kijana, Kayole)

Usitume. Nafasi hutangazwa, maombi hupitia tovuti ya KRA yenyewe na hayana ada. Swali hili haliishi kuletwa, na wengi wanaolileta huwa wameshatuma.

Nina CPA na miaka minne ya ukaguzi katika kampuni ndogo mjini. Nihamie KRA? (Mhasibu, South B)

Kama kinachokuchosha ni mshahara wa kuzungushwa, hamia. Pensheni ipo, matibabu yapo, na hutaambiwa mteja hajalipa. Faida kubwa zaidi ni ujuzi: ukikagua VAT (kodi ya ongezeko la thamani) miaka michache, sheria ya ushuru utaijua kwa vifungu, na kampuni kubwa huwatafuta watu wa aina hiyo.

Sasa ubaya. Utaishi na lengo la makusanyo, na Juni, mwaka wa fedha ukifungwa, likizo isahau. Lengo hilo ndilo huwaharibu maafisa wachanga. Afisa huchukua taarifa za benki za duka la vipuri Kirinyaga Road, akajumlisha kila shilingi iliyoingia, akalinganisha na mauzo kwenye ritani (taarifa anazojaza mlipa ushuru) za VAT, kisha tofauti akaiita mauzo yaliyofichwa. Mkopo hajautoa. Pesa alizojihamishia mwenye duka kutoka akaunti yake nyingine hajazitoa. Cheki zilizorudi hajazitoa. Halafu anapiga asilimia 16 juu ya jumla, ilhali bei ikiwa tayari ina VAT ndani, hesabu ni 16 kwa 116.

Mwenye duka ana siku 30 za kupinga hesabu hiyo. Akipinga ipasavyo, Kamishna wa KRA ana siku 60 za kuamua. Zikipita kimya, pingamizi huhesabiwa limekubaliwa. Faili limeanguka, na jina lililo juu yake ni lako. Andaa jedwali la pesa zisizo mauzo kabla ya kuandika barua yoyote.

Na vibarua vya kuwajazia watu ritani kwa malipo, viache siku unapotia sahihi mkataba. Huwezi kuwa mkaguzi na wakala wa anayekaguliwa.

Idara gani ndiyo ina hela? (Mtafutaji, Umoja)

Unachouliza nakijua: hongo. Kwa sheria ya kupambana na ufisadi ya 2003, EACC (tume ya maadili na kupambana na ufisadi) inaweza kukufungulia kesi ya kutwaa mali usiyoweza kuieleza, hata kama hujapatikana na hatia ya jinai. Wewe ndiwe utakayeieleza mahakama ploti ya Kitengela ilitoka kwa mshahara upi. Anayeingia kwa hesabu hiyo abaki nje.

Nikiahidiwa 100,000, nitabaki na ngapi? (Bi. Arusi, Rongai)

SHA (bima ya afya) ni 2,750, ushuru wa nyumba 1,500, kisha NSSF (akiba ya uzeeni). PAYE (kodi ya mshahara) nayo, kwa viwango vya tangu Julai 2023, hukata asilimia 30 ya kila kinachozidi 32,333 katika pato linalotozwa, kabla ya nafuu ya 2,400. Afisa wa ushuru hukatwa kama mwalimu. Usichukue mkopo wa gari kwa kutazama namba ya juu ya hati ya mshahara.

Mume wangu ameajiriwa, sasa anapelekwa Malaba, mpakani. Anaweza kukataa? (Mama Watoto, Donholm)

Anaweza kuomba, lakini kukubali ajira ni kukubali kuhamishwa: leo Malaba, kesho Taveta au Moyale. Pangeni bajeti ya nyumba mbili.

Sina kazi, PIN (namba ya mlipa ushuru) ninayo, ritani sijawahi kujaza. Itanizuia? (Mhitimu, Githurai)

Ndiyo! Tumelisema hili hadi midomo imekauka. Kukosa kipato hakukuondolei ritani. Unajaza ya sufuri kabla ya Juni 30. Mwaka uliorukwa una faini ya 2,000, na ukiwa na deni cheti cha kuzingatia ushuru hukipati. Waajiri wengi wa serikali hukitaka cheti hicho kabla ya kukuajiri. Ingia iTax, mfumo wa KRA wa mtandaoni, uangalie daftari lako leo. Hakikisha pia kwamba baruapepe iliyo kwenye PIN ni yako. Wengi waliosajiliwa na mtu wa saiba (duka la intaneti) hugundua baruapepe ni yake siku wanayotaka kubadilisha neno la siri, na saiba yenyewe ilishafungwa.