Spika za IST kwa laki na nusu: anza na milango ya mbele, amplifaya isubiri

Mkuu, umesema una Toyota IST ya 2004, redio umeshaweka mpya yenye Bluetooth, spika ni zile zile ilizotoka nazo Japani, na mfukoni una laki na nusu. Fundi amekwambia ubadilishe spika zote nne, kisha ujichange ununue amplifaya. Kazi hii nimeifanya kwenye IST yangu na kwenye magari ya ndugu na majirani, kwa hiyo nakujibu kwa kirefu. Mimi sikubaliani na fundi. Hela yote iingie kwenye milango miwili ya mbele, na usiimalize kwenye spika, kwa sababu mlango wenyewe nao unadai fungu lake.

Koni ya spika, yaani ule uso wake unaotetemeka, inapoisukuma hewa kwa mbele, huku nyuma inaivuta kwa kiasi kile kile. Mawimbi ya mbele na ya nyuma yakipata njia ya kukutana yanafutana, na yanayoumia zaidi ni ya chini, yaani besi. Kinachotakiwa kuyatenganisha ni bati la ndani la mlango. Sasa fungua kava la mlango wa gari nyingi za Kijapani za daraja lile uone: bati lina matundu makubwa ya kumpa fundi nafasi ya kufikia mashine ya kioo, na yamezibwa kwa nailoni nyembamba tu. Hapo hata ukifunga spika ya bei mbaya, unapiga ngoma iliyotoboka. Watu wengi wanaolalamika kwamba wamebadilisha spika na besi imezidi kupungua, tatizo lao liko kwenye bati hili.

Kwa hiyo ukigawa hela yako, tenga kama elfu themanini au tisini za spika mbili, elfu thelathini au arobaini za mati (mikeka ya kunata ya kubandika kwenye bati) na sponji, zinazobaki ni za plaiwudi, skrubu na klipsi za kava, kwa maana klipsi za zamani zitakatika, hilo usiwe na shaka nalo.

Kwenye kuchagua spika, usisome ile namba kubwa ya wati iliyoandikwa mbele ya boksi. Tafuta wati za RMS, yaani nguvu ambayo spika inaihimili muda wote, na desibeli za usikivu, yaani inavyolia kwa sauti kubwa ikipewa nguvu ndogo. Redio inayofanya kazi kwa umeme wa gari bila amplifaya, hata iwe imeandikwa 50W mara nne, inatoa takriban wati 20 safi kwa kila spika ya omu 4 (omu ni kipimo cha ukinzani wa umeme). Volti 14 hazina uwezo wa kutoa zaidi ya hapo. Kila desibeli 3 za usikivu ni sawa na kuongeza nguvu mara mbili. Maana yake spika ya desibeli 92 ikipewa wati 20 italia sawa na spika ya desibeli 86 iliyopewa wati 80. Wewe usiye na amplifaya unahitaji ile ya 92, hata kama boksi lake halitishi. Spika nzito za kishindo zimetengenezwa kwa ajili ya amplifaya. Kwenye redio pekee zitalia kwa uvivu.

Chukua aina ambayo twita, ile spika ndogo ya sauti za juu, iko katikati ya koni. Zile seti ambazo twita inakaa mbali na ina krosova yake (kifaa cha kugawa sauti za juu na za chini) ni nzuri, ila kwa bajeti hii utapata seti dhaifu wakati hela hiyo hiyo ingekupa spika ya kawaida iliyo imara.

Na usiidharau mitumba. Kule Gerezani, Kariakoo, unaweza kupata spika zilizofunguliwa kwenye gari za daraja la juu, na baadhi zinazizidi mpya nyingi za bei yake. Zikague. Bonyeza koni kwa vidole vilivyotandazwa, ishuke sawasawa bila kukwaruza. Gusa ule mkunjo unaoizunguka koni: wa mpira hudumu, wa sponji huoza ukatoka unga mkononi. Nenda na mita ya kupimia omu pia. Spika nzima ya omu 4 husoma kati ya 3 na 4. Mita isiposoma chochote, koili (waya uliozungushwa nyuma ya koni) imekatika. Kwa spika mpya zenye majina makubwa kuwa makini, majina hayo yanaigwa sana. Boksi lisilotaja RMS wala usikivu mahali popote lirudishe kwenye rafu.

Kabla ya kwenda dukani fungua kwanza mlango upime. Saizi ya mbele kwenye gari hizi kwa kawaida ni inchi 6 na nusu, ambayo Wajapani huiandika sentimita 16 au 17. Kipimo ambacho watu hukisahau ni kina. Teremsha kioo mpaka mwisho, ndipo upime kutoka kwenye bati hadi kwenye kioo. Spika nyingi za kiwandani zimeunganishwa na fremu ya plastiki inayoziinua kutoka kwenye bati, kwa hiyo spika mpya itahitaji pete ya plaiwudi ya kuchukua nafasi hiyo. Seremala yeyote atakukatia. Ipake rangi ya mafuta pande zote, kwa sababu maji ya mvua huteremka ndani ya mlango kila siku ya mvua, na plaiwudi mbichi itavimba.

Spika za zamani zikiwa zimeshikwa kwa riveti, toboa riveti hizo kwa drili taratibu, na spika mpya ziache mbali kabisa mpaka umalize na kufuta vumbi lote la chuma. Sumaku hulivuta, na likishaingia kwenye nafasi ya koili, mkwaruzo wake hautoki tena.

Sasa mlango. Safisha bati kwa spiriti, bandika mati za butili (aina ya mpira unaonata) zenye karatasi ya alumini nyuma ya spika kwenye bati la nje, kisha ziba yale matundu makubwa ya bati la ndani. Tundu kubwa sana liwekee kwanza kipande cha plastiki ngumu au alumini. Usikubali kuuziwa lami ya kuzibia paa badala ya butili. Gari ikishinda juani Dar, lami inalainika, inanuka na inabanduka. Vitundu vidogo vya chini kabisa ya mlango usiviguse, ndivyo vinavyotoa maji. Ukiviziba mlango unaoza kwa kutu, na kwetu huku pwani kutu haihitaji kusaidiwa. Malizia na pete ya sponji mbele ya spika, iguse kava, ili sauti itoke kwenye wavu badala ya kupotelea nyuma ya kava.

Chanya na hasi zisipishane kati ya kulia na kushoto. Betri ndogo ya volti 1.5 inatosha kupimia: ukigusisha chanya ya betri kwenye chanya ya spika, koni inatoka nje. Spika moja ikiunganishwa kinyume, zote mbili zinalia vizuri lakini besi inapotea na sauti ya mwimbaji haijulikani inatoka wapi.

Kisha ingia kwenye mipangilio ya redio, tafuta HPF, yaani kichujio kinachozuia besi ya chini isifike kwenye spika, weka 80 au 100Hz, na zima ile ya kuongeza besi. Hapa wengi hunibishia, lakini sikiliza: spika ya inchi 6 na nusu kwa wati 20 haiwezi besi ya chini kabisa, ikilazimishwa inakoroga kila kitu kilicho juu yake. Ikipunguziwa mzigo huo, utalisikia gitaa la solo kwenye sebene likiwa safi, kila uzi peke yake, na sauti utaipandisha zaidi bila makelele. Kama redio haina HPF, kapasita ya 470µF isiyo na chanya na hasi kwenye waya wa chanya wa kila spika itakata karibu na 85Hz.

Spika za nyuma ziache zilivyo, sauti isogeze mbele. Wewe dereva unakaa mbele.

Kwa wengine mnaosoma mkiwa bado na redio ya Kijapani na mnapigia nyimbo kwa kile kifaa cha FM cha kuchomeka kwenye tundu la kiberiti cha gari: badilisheni redio kabla ya spika. FM inakata sauti kwenye 15kHz na inaongeza mvumo, na spika nzuri itawaonyesha mvumo huo waziwazi.

Amplifaya, mkuu, inunue siku ambayo sauti itakuwa safi ila haitoshi kwenye mwendo wa barabara kuu. Hapo chukua ndogo ya chaneli nne yenye wati 40 au 50 za RMS kwa kila chaneli: chaneli mbili ziendeshe milango ya mbele, mbili ziunganishwe pamoja ziendeshe sabufa ndogo ya chini ya kiti. Waya wake wa umeme utoke kwenye betri moja kwa moja, na fyuzi iwe karibu na betri, siyo karibu na amplifaya.